Florence Nightingale na Kazi ya Kupokezana Wagonjwa

Mtu yeyote aliyewahi kulaza ndugu yake hospitalini, iwe Vwawa, iwe Tunduma, iwe Mbeya, anaijua saa ile. Jua linakaribia kuzama. Manesi wa mchana wamechoka, na wale wa usiku wanaingia na masweta yao. Wageni wanaombwa watoke nje. Kisha manesi wa zamu zote mbili wanapita pamoja kitanda kwa kitanda, mmoja ameshika kitabu cha ripoti. Wanasimama kidogo miguuni pa kila mgonjwa, wanasema maneno machache, wanatazama chupa ya maji iliyotundikwa, wanafunua karatasi, wanaendelea. Sisi tulio nje na vikapu vyetu vya chakula tunanung'unika. Twadhani wanazungumza mambo yao, na uji unapoa.

Lakini katika robo saa ile uhai wa mgonjwa unatoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine. Nesi wa mchana anajua kwamba mzee wa kitanda cha nne alitapika dawa yake saa tisa. Anajua kwamba mama wa kitanda cha sita hajakojoa tangu asubuhi, na kwamba mtoto wa pembeni akichomwa sindano fulani mwili hufura. Asipoyasema, ujuzi huo wote atakwenda nao nyumbani, na yule wa usiku atakuwa kama mtu aliyepewa nyumba bila funguo.

Sisi watu wa mpakani twaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa malori. Lori linalofika Tunduma kutoka Dar es Salaam, likielekea Zambia au Kongo, halivuki kwa sababu dereva wake ni mtu mwema. Linavuka kwa karatasi zake. Karatasi moja ikisahaulika, mzigo mzima unalala upande huu, na foleni inarefuka. Mgonjwa naye huvuka mpaka kila siku, asubuhi, mchana na usiku, kila zamu inapobadilika. Tofauti ni kwamba saruji yaweza kungoja mpaka kesho. Mgonjwa pengine hawezi.

Nani basi alitufundisha kwamba jambo hili dogo ni jambo kubwa? Wako wengi, lakini mmoja alilisema wazi kuliko wengine, akaliandika katika kitabu miaka zaidi ya 160 iliyopita. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 13 Agosti, na wauguzi wa dunia nzima hushika siku aliyozaliwa, tarehe 12 Mei. Jina lake ni Florence Nightingale. Wengi wetu twamjua kwa picha tu, mwanamke aliyeshika taa. Leo tumwangalie kwa karibu zaidi.

UTOTO NA WITO WAKE

Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, ndiyo maana akapewa jina la mji huo. Dada yake Parthenope alizaliwa mwaka uliotangulia, naye vilevile alipewa jina la mahali alipozaliwa. Wazazi wao walikuwa Waingereza matajiri. Walikuwa na nyumba mbili kubwa mashambani, moja ikiitwa Lea Hurst na nyingine Embley.

Baba yao hakupata mtoto wa kiume, akaamua kuwafundisha binti zake mambo ambayo siku zile wavulana tu walifundishwa. Florence akajifunza Kigiriki, Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, historia na falsafa. Zaidi ya yote alipenda hesabu. Mama yake aliona hesabu hazimfai msichana atakayeolewa na mtu mkubwa, lakini mtoto hakuacha. Tukumbuke hesabu hizi, maana zitarudi mbele katika habari yetu.

Mwezi wa Februari, 1837, akiwa na miaka kumi na sita, aliona moyoni kwamba Mungu amemwita katika utumishi. Hakuelezwa ni utumishi gani. Alingoja miaka mingi, akiwatembelea wagonjwa maskini vijijini karibu na nyumba yao, mpaka akatambua kwamba kazi yake ni kuuguza.

Alipowaambia wazazi wake mwaka 1845 kwamba anataka kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, nyumba nzima ilifadhaika. Tusiwalaumu upesi. Siku zile muuguzi wa hospitali alihesabiwa kuwa mtu wa chini kabisa. Wengi walikuwa wanawake wasiofundishwa, wenye mshahara mdogo, na wengine walijulikana kwa ulevi. Binti wa tajiri kuingia kazi hiyo ilikuwa aibu kwa ukoo. Wakamkatalia. Alikuja mchumba mwenye heshima na elimu, Richard Monckton Milnes, akamngoja kwa miaka mingi. Florence alimpenda, lakini mwisho alimkataa, kwa kuwa aliona akiolewa hataufuata wito wake.

Basi akawa anaamka kabla ya mapambazuko, anasoma kwa siri taarifa za hospitali za nchi mbalimbali na kuandika hesabu zake, kisha anashuka kunywa chai na wageni wa mama yake kama kwamba hakuna jambo. Mwaka 1851 alipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa na nyumba ya mashemasi wanawake waliowahudumia wagonjwa. Chakula kilikuwa duni na kazi nyingi. Florence alisema hajapata kuwa na furaha kama hiyo.

KENGELE ZA HARLEY STREET

Mwaka 1853 alipewa kusimamia nyumba ndogo ya wanawake wagonjwa huko Harley Street, London. Kabla hajaanza aliitaka kamati ifanye matengenezo. Maji ya moto yafike kila ghorofa, chakula kivutwe juu kwa mashine ndogo ya kamba, na kengele za wagonjwa zitengenezwe ili kila ikipigwa ibaki na alama, nesi ajue ni nani aliyeita hata kama hakuwapo ilipolia.

Hapo twaona akili yake ilivyokuwa. Wengine wangesema wapatikane manesi wenye huruma zaidi. Yeye alijua kwamba nesi mwenye huruma akiwa ghorofa ya chini hasikii lolote. Huruma ni lazima itafutiwe njia ya kufika kwa mgonjwa wakati mwenye huruma hayupo.

SCUTARI

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani pamoja na Waturuki dhidi ya Urusi, katika vita vinavyoitwa vya Crimea. Mwandishi wa gazeti la Times, William Howard Russell, alipeleka habari kwamba majeruhi wa Kiingereza wamelala bila madaktari wa kutosha wala bandeji. Watu wakakasirika. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, akamwomba aongoze wauguzi kwenda huko. Aliondoka tarehe 21 Oktoba na wanawake 38: watawa wa Kanisa la Roma kumi, masista wa Kianglikana kumi na wanne, na wauguzi wa hospitali kumi na wanne. Walifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, tarehe 4 Novemba, 1854.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kubwa ya askari. Wagonjwa walilala sakafuni katika baraza ndefu, wakiwa na nguo zile zile zenye damu na chawa. Chini ya jengo mifereji ya uchafu ilikuwa imeziba. Kuhara, kipindupindu na homa viliua kuliko risasi. Madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake hawa. Florence hakugombana. Aliwaamuru wauguzi wake wasiingie wodi yoyote mpaka daktari awaite, wakakaa wanashona mito na kukunja bandeji. Siku chache baadaye majeruhi wa vita vya Inkerman wakaletwa kwa mamia, na madaktari wenyewe wakawaita.

Akaanza kazi. Alinunua mashati, sahani, sabuni na brashi za sakafu. Alikodi nyumba ya kufulia nguo. Aliweka majiko ya chakula cha wagonjwa dhaifu. Aliandika barua kwa familia za waliokufa. Na usiku alipita peke yake katika baraza zile na taa mkononi. Taa hiyo haikuwa kama ile ya kichungaji inayochorwa katika picha nyingi, bali fanusi ya Kituruki, ya kukunjwa.

Kuna jambo ambalo picha haisemi. Florence hakuwaruhusu wauguzi wake kubaki wodini baada ya saa mbili usiku. Kazi ya usiku ilikuwa ya askari wahudumu, wanaume wasiofundishwa uuguzi. Kwa hiyo kila jioni kazi yote ya mchana ilikabidhiwa kwa watu wengine kabisa. Mtu aliyelishwa kijiko kwa kijiko mchana kutwa angeweza kusahauliwa usiku na kukutwa amekufa alfajiri. Twaweza kuamini kwamba alipopita na ile taa hakwenda kufariji tu. Alikwenda kutazama kama yaliyoagizwa mchana yanafanyika usiku.

Tuseme kweli yote. Katika miezi ile ya kwanza vifo havikupungua, bali vilizidi. Mwezi wa Februari, 1855, katika kila wagonjwa 100 walioingia hospitali ile, karibu 42 walikufa. Mwezi wa Machi serikali ilileta tume ya usafi. Wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakasafisha maji na kupitisha hewa, na vifo vikashuka upesi sana. Florence hakulielewa jambo hili barabara mpaka aliporudi Uingereza mwaka 1856, akakaa na mtaalamu wa hesabu William Farr kuhesabu waliokufa mwezi kwa mwezi. Hapo akaona kwamba jengo lenyewe lilikuwa likiwaua watu aliowauguza kwa upendo mwingi.

Wengi wangelificha jambo kama hilo. Yeye alilichora kwa michoro ya rangi ili hata waziri asiyependa hesabu aone kwa macho, akaipeleka serikalini. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wataalamu wa takwimu cha London. Zile hesabu ambazo mama yake hakuzipenda zikaokoa maisha ya askari wengi waliokuja baadaye.

KITABU KIDOGO

Mwishoni mwa mwaka 1859 alitoa kitabu kidogo juu ya uuguzi. Wengi hudhani kiliandikwa kwa ajili ya wauguzi wa hospitali. Sivyo. Mwenyewe alieleza mwanzoni kwamba anawaandikia wanawake wa kawaida, kwa kuwa karibu kila mwanamke, siku moja, hukabidhiwa afya ya mtu mwingine, awe mtoto, awe mzee. Kwa hiyo kitabu kile ni chetu pia.

Aliandika juu ya hewa safi, mwanga, usafi na chakula. Lakini iko sura moja juu ya usimamizi wa mambo madogo, na hapo ndipo penye somo letu. Alisema kwamba mema yote ya uuguzi yaweza kuharibiwa na kasoro moja tu, yaani muuguzi kutojua kupanga kwamba anayoyafanya akiwapo yafanyike vilevile asipokuwapo. Hakuna mtu awezaye kuwapo daima, alisema, hata kama anampenda mgonjwa kuliko nafsi yake. Atalala, atakula, atakwenda kanisani, ataugua. Anayejivuna kwamba mambo yakiharibika akiondoka ndiyo dalili ya ubora wake, huyo ameonyesha kasoro yake mwenyewe. Na kuwa msimamizi maana yake si kufanya kila kitu kwa mkono wako, bali kuhakikisha kwamba kila mwenye kazi yake anaifanya.

Aliingia katika mambo ambayo mtu angeyaona madogo mno. Muuguzi akitoka, mgonjwa aambiwe kwamba anatoka, atarudi lini, na nani atakuwa naye. Kwa maana kungoja na kutojua humchosha mgonjwa kuliko kazi. Wanaozungumza habari zake wasisimame mlangoni wakinong'ona, kwa kuwa mgonjwa hukaza masikio kujua kama ni yeye anayesemwa, na anachokisikia nusu nusu humwumiza. Kama ni kusema, waseme wazi mbele yake, au waende mbali kabisa.

Vilevile alifundisha jinsi ya kutoa habari za mgonjwa. Daktari au muuguzi mwenzako akiuliza, usijibu kwamba amelala vizuri, au leo ni afadhali. Maneno hayo hayana uzito. Mwingine huita usingizi mzuri saa kumi, mwingine saa mbili. Sema alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, na wakati gani. Usiseme amekula. Sema alikula nusu kikombe, na nusu ilirudi. Kikombe cha uji kilichobaki kando ya kitanda kinaweza kumdanganya anayeingia zamu, akadhani mgonjwa hana hamu, kumbe hakuna aliyemsaidia kushika kijiko.

Na juu ya saa za alfajiri alitahadharisha sana. Mgonjwa dhaifu hupoa wakati huo, nguvu ya mwili ikiwa chini kabisa, na muuguzi wa usiku naye amechoka na mawazo yake yako nyumbani. Aliagiza miguu ya mgonjwa iguswe kwa mkono mara kwa mara, na ikianza kupoa apewe chupa ya maji ya moto na kinywaji cha moto. Sisi tunaoijua baridi ya Mbozi mwezi wa Juni, umande ukiwa umelala juu ya mibuni, hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

SHULE YA WAUGUZI

Wakati wa vita watu wa Uingereza, wakubwa kwa wadogo, walichanga fedha za kumshukuru. Zilifika kiasi cha paundi 45,000. Hakujenga nyumba yake. Mwaka 1860 fedha hizo zilifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, chini ya matroni Bibi Wardroper. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kumi na watano. Walifundishwa kuosha vidonda, kutandika kitanda na mgonjwa akiwa ndani yake, na kutazama. Walitakiwa pia kuandika habari za wagonjwa wao. Nesi anayeandika ripoti leo kabla ya kuvua sare yake anashika kalamu ambayo wanafunzi wale waliishika.

Kutoka shule ile wauguzi walikwenda hospitali nyingine za Uingereza, na mwaka 1868 bibi Lucy Osburn na wenzake walifika Sydney, Australia. Mwingine, Agnes Jones, alikwenda Liverpool mwaka 1865 kuuguza maskini waliokuwa wakitupwa tu katika nyumba ya mafukara. Alifanya kazi miaka mitatu, akafa kwa homa ya taifasi akiwa bado kijana. Florence alimlilia sana.

Na kwetu je? Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba ile ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, U.M.C.A., iliyoleta Kanisa letu Unguja, Magila, Masasi na Ziwa Nyasa. Baadaye wakaja na manesi, waliolelewa katika njia ile ile ya kuandika, kuhesabu na kukabidhi. Dokta Leader Stirling aliyefika mwaka 1935 alifundisha vijana wa hapa uuguzi huko Lulindi, wilaya ya Masasi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.

MAPUNGUFU YAKE

Mtu mkubwa ana mapungufu yake, na si heshima kuyaficha. Kwa miaka mingi Florence hakukubali kwamba magonjwa huletwa na vijidudu. Alidhani hewa chafu ndiyo asili. Hata hivyo usafi alioupigania uliwaua vijidudu ambavyo hakuviamini. Pia alipinga manesi kuandikishwa rasmi kwa mitihani, akihofu kwamba karatasi ya mtihani haiwezi kupima tabia. Leo nchi nyingi huwaandikisha, na ni vema.

Tena si haki kumtaja yeye peke yake katika vita vile. Yuko Mary Seacole, mwanamke wa Jamaika mwenye damu ya Kiafrika, mjuzi wa tiba za kipindupindu na homa. Aliomba kwenda pamoja na wauguzi, akakataliwa. Basi akasafiri kwa gharama yake, akafungua nyumba karibu na Balaclava mwaka 1855, akawalisha na kuwatibu askari karibu kabisa na mapigano. Kwa muda mrefu jina lake lilisahauliwa. Sasa limerudi, nasi na tulishike.

UZEE NA KUFA KWAKE

Huko Crimea Florence alishikwa na homa kali mwaka 1855, na mwili wake haukurudi kuwa kama zamani. Tangu mwaka 1857 mara nyingi alikuwa mgonjwa wa kitandani. Yule aliyefundisha dunia kuuguza akawa yeye mwenye kuuguzwa kwa miaka mingi. Lakini kalamu haikumtoka. Akiwa kitandani aliandika juu ya majengo ya hospitali, juu ya maji na afya nchini India, na juu ya wauguzi wa kwenda nyumba kwa nyumba. Kila mwaka, alipoweza, aliwaandikia wanafunzi wa shule yake barua ya mashauri.

Tazama basi, mafundisho yake mwenyewe yalijaribiwa. Kazi aliyoianzisha ilifanywa na watu wengine, katika wodi ambazo yeye hakuweza kuingia. Kama ingemtegemea awepo, ingekufa. Kwa kuwa alijua kukabidhi, iliendelea.

Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya juu ambayo hakuna mwanamke aliyepata kupewa kabla yake. Macho yalikuwa yamekwisha fifia. Alikufa usingizini tarehe 13 Agosti, 1910, mwenye miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini mwenyewe hakutaka makuu. Akazikwa East Wellow, karibu na nyumba ya utoto wake, katika kiwanja cha kanisa la kijiji. Askari sita walibeba jeneza. Juu ya kaburi hakuna sifa, ila herufi mbili za jina lake na miaka yake.

NA SISI JE?

Hospitali zetu zinajazwa na wagonjwa kutoka Momba, Ileje na Mbozi, na wasafiri wa njia kuu wanaougua barabarani. Nesi mmoja aweza kuwa na wodi nzima. Basi tukiwaona wanapita na kitabu chao saa ya kubadilishana zamu, tusiwavute sketi wala kuwaita kwa hasira. Tuwape robo saa yao. Na kama wewe ndiye uliyelinda mgonjwa mchana, mwambie nesi anayeingia ulichokiona: alikunywa kiasi gani, alikataa nini, maumivu yalianza lini. Usiseme tu kwamba hali ni afadhali.

Lakini wagonjwa wengi hawako hospitalini. Wako nyumbani mwetu. Bibi aliyepooza, baba mwenye kisukari, mtoto mwenye kifafa. Nao hutunzwa kwa zamu. Binti huenda sokoni, mkwe huingia. Kaka huja na basi kutoka Mbeya, dada hurudi shambani. Katika kubadilishana huko ndipo vidonge humezwa mara mbili, au visimezwe kabisa, kila mtu akidhani mwenzake ametoa. Hapo hakuna mwenye roho mbaya, ila hakuna aliyekabidhi.

Dawa yake ni rahisi. Nunueni daftari la shule, liwekwe pale alipo mgonjwa. Kila anayempa dawa aandike saa na jina la dawa. Aandike alikula nini, alipata choo au hakupata, homa ilipanda saa ngapi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule amwandikie. Anayetoka asiondoke mpaka aliyeingia amekwisha kuambiwa, na mgonjwa mwenyewe aambiwe ni nani atakayekuwa naye usiku, ili alale bila hofu. Na alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, mtu ainuke amguse miguu.

Tarehe 12 Mei ikifika, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Tukiiona mishumaa ile, tukumbuke kwamba taa ya Scutari ilimulika vitanda vya watu ambao mtu mwingine alikuwa amewatunza mchana. Mungu awabariki wote wanaoingia zamu usiku huu, awatie nguvu wanaotoka, na wale waliolala kati yao wasisahauliwe hata mmoja.